Mpiga Ngoma Asiyeamini

Naikumbuka siku niliyoingia Nairobi nikiwa nimepakata ngoma. Tulikuwa tumetoka Vihiga juu ya lori la ndizi, mimi na ngoma tumefunikwa turubai moja, na kwa kuwa ndizi nyingine zilianza kuiva njiani, safari nzima ilinukia utamu. Nililala, nikaamka, nikalala tena. Kila nilipoamka nchi ilikuwa imegeuka: mara majani ya chai, mara mahindi makavu yamesimama kama watu waliosahau walikokuwa wakienda, mara ukungu mtupu kule kwenye miinuko baada ya Nakuru, mzito hata nikadhani tumekwisha kutoka duniani na dereva hajagundua. Sijui tulisafiri muda gani. Hata sasa, nikisinzia kitini, huisikia ile ngoma ikinguruma yenyewe kila lori lilipoingia kwenye shimo.

Ngoma ilikuwa ya kanisa. Ile ya tawi la Nairobi, mtaa wa Baba Dogo, ilikuwa imepasuka ngozi, wazee wa kijijini wakachonga nyingine, wakaona ni vyema isafiri na mtu. Mtu huyo nikawa mimi, kwa sababu shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita Senge, alikuwa amekubali nikae kwake nisome sekondari. Basi tukaingia mjini pamoja, na ngoma ndiyo iliyopokelewa kwanza. Senge aliipapasa, akahakikisha ngozi haijalowa, ndipo akanikumbuka mimi.

"Karibu, Baba," akasema. Aliniita Baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake, na kwa watu wetu jina halifi.

Mwanangu, nimesikia umeacha kwenda kanisani, na kwamba nyumbani kwenu sasa hakukaliki. Sikuja kukuvuta sikio. Nimetangatanga sana katika nchi hii, nimeishi katika miji ambayo hata majina yake nimeanza kuyachanganya, lakini hilo lako nililipitia katika mitaa hiyo hiyo ya Eastlands unayoikanyaga leo. Keti kidogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema, ingawa nami nimewaona waliosikia kila kitu na bado wakavunjika.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, limebanwa kati ya ukuta wa kiwanda cha plastiki na banda la Mkamba mmoja aliyechonga twiga na vifaru vya mti. Waumini walivaa kanzu nyeupe na vilemba vyeupe. Kila Jumapili, kabla ya ibada, tulipanga mistari miwili tukauzunguka mtaa tukiimba, bendera mbele, ngoma nyuma yake. Labda umewahi kuwaona watu hao ukawacheka. Wengi walitucheka. Vijana waliokaa kwenye kona walitupigia saluti.

"Niaje, jeshi. Leo vita iko wapi?"

Wazee waliitikia kwa adabu kana kwamba wamesalimiwa vizuri. Nami nikiwa katikati yao, mlio wa ngoma ukinipanda kutoka miguuni hadi kifuani, moshi wa viwanda umetanda juu yetu na kanzu zinaelea katika vumbi kama yangeyange wanaofuata ng'ombe, niliona kama sisi hatutembei. Niliona kama mtaa ndio unaotupita polepole, na sisi tumesimama mahali pengine kabisa.

Niliipenda kazi yangu. Kabla ya maandamano niliwasha moto wa maranda niliyopewa na yule mchongaji, nikaizungusha ngoma juu ya joto hadi ngozi ikakaza na sauti ikawa kavu. Ngoma isiyoota moto hukoroma tu. Na ni katika kuijua ngoma ndipo nilipopata swali langu.

Niligundua kwamba nikiharakisha mapigo, watu huanza kutetemeka, na wengine kunena kwa sauti zisizo zao. Nikipunguza, hutulia. Mwanzoni nilidhani ni bahati. Jumapili moja nikaamua kujaribu. Palikuwa na mama mmoja wa makamo, Mama Nekesa, aliyefanya kazi ya kupakia ndoo katika kile kiwanda cha plastiki. Nilimtazama yeye peke yake, nikaharakisha, naye akaanguka, wanawake wakamdaka. Jumapili iliyofuata nikashikilia mwendo wa polepole makusudi, tangu mwanzo hadi mwisho. Alisimama tu, uso umemkauka, kisha akaenda zake vile alivyokuja.

Nilimweleza Mutua, mwana wa mchongaji, tuliyesoma naye darasa moja. Mutua alikuwa ameacha kanisa la kwao zamani, akalitangaza jambo hilo kama mtu aliyehama nyumba.

"Sasa buda, si umejibiwa?" akaniambia. "Huko juu hakuna mtu. Roho ni wewe na hiyo mikono yako. Siku ukiumwa na bega, Mungu anaenda likizo."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Watu husema kijana anayeacha kuamini huruka kama ndama aliyekata kamba. Mimi sikuruka. Nilijihisi kama mtu aliyeegemea ukuta tangu utotoni, kisha akageuka akakuta ni pazia. Kwa majuma mengi nilipiga ngoma nikiwa kama ninaota, watu wakilia na kucheka mbele yangu, nami nikiwatazama kwa mbali, kana kwamba nimeketi chini ya maji.

Sasa nikueleze desturi moja, maana bila hiyo hutaelewa. Kwetu mtu haingii kanisani na mzigo moyoni. Watu huvua viatu, husimama duara pale uani, na kila mmoja huungama lililo lake kwa ufupi: nimemtukana jirani, nimeonja pombe ya busaa matangani. Mtu akizidisha maneno, au akigusa jambo la aibu, yeyote anaweza kuanzisha wimbo. Wote huitikia, na yale maneno hufunikwa hapo hapo kama sufuria inavyofunikwa.

Jumapili moja zamu yangu ilipofika, kinywa kilifunguka chenyewe.

"Mimi siamini tena kama kuna Mungu," nikasema. "Na huyo Roho anayewaangusha ni ngoma yangu. Nilimwangusha Mama Nekesa nilipotaka. Nilipokataa, hakuanguka."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini siku ile niliusikia ukivunja kitu. Mama Nekesa alitazama vidole vya miguu yake. Kisha sauti moja ikaanza wimbo, nyembamba, inatetemeka, na ilikuwa ya Senge. Wengine wakaitikia mmoja mmoja, hadi duara lote likawa linaimba na mimi nimesimama ndani yake, maneno yangu mengine yakiwa yamefunikwa. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Niliona amenifunga mdomo mbele ya watu.

Mchana ule wazee walikuja nyumbani. Katibu wa kanisa, mtu mwembamba mwenye kauli fupi, alisema nina pepo. Jumapili ijayo nilazwe chini nishikwe hadi linitoke. Senge akikataa, basi anirudishe kijijini, la sivyo aache uongozi wa akina mama. Kurudi kijijini kulikuwa ni kuacha shule, maana baba alikwisha kusema kwamba masomo yangu yako mikononi mwa Senge. Nilimtazama Senge. Alikuwa akikunja leso moja, akaikunjua, akaikunja tena, bila kuwakatalia. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimejiandaa kumpoteza Mungu, lakini Senge sikuwa nimejiandaa kumpoteza.

Aliyekuja nao ni mchungaji wetu, Mzee Ambani. Siku za kazi alichomelea madirisha ya chuma kando ya barabara, na macho yake yalikuwa mekundu daima kwa sababu hiyo.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema sijala. Akamwomba Senge anipe chakula, kisha akatoka nami hadi kwenye ngazi za ploti, lile jengo la vyumba vya kupanga, akaketi, akanifanya niketi na sahani yangu.

"Hayo uliyosema kuhusu ngoma, mimi nayajua," akasema. "Niliipiga kabla hujazaliwa. Kila mpiga ngoma huyagundua siku moja. Wengine huacha kupiga. Wengine huacha kuamini. Na wengine," akacheka kidogo puani, "huwekwa kuwa wachungaji."

"Mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza?"

Akaniacha nile kidogo, ndipo akaongeza, bila kupandisha sauti:

"Kutoamini kwako ni kwako. Hilo ulikuwa na haki ya kulisema, na afadhali umelisema kuliko kuendelea kutupigia ngoma ukiwa hupo. Lakini Mama Nekesa hakuwa wako. Umemvua nguo mbele ya watu ili wewe uonekane umevaa."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa na mwalimu, na polisi, na jua la Turkana. Hakuna kilichonichoma kama neno lile, nalo lilisemwa polepole, mzee akiwa anaondoa sisimizi kwenye suruali yake.

Tuliporudi ndani akatoa uamuzi. Pepo halitatolewa, kwa kuwa anayeuliza si mgonjwa. Kanisani sitaingizwa kwa nguvu. Lakini pia sitalala nyumbani Jumapili huku watu wa nyumba yangu wakiwa ibadani.

"Viatu vyetu vinaibwa," akasema. "Tukiingia ndani miguu mitupu, vijana wa mtaa huchagua kama wako dukani. Huyu atakaa mlangoni avilinde."

"Asiyeamini alinde viatu vya watakatifu?" katibu akauliza.

"Ulipovilinda wewe vilipotea, na unaamini."

Hata Senge alijificha uso kwa leso, na nikajua anacheka. Lakini tangu siku ile hakusema nami. Alinipa chakula, alinifulia sare, akaninyima sauti yake.

Basi nikawa mlinzi wa viatu. Niliketi kwenye kipande cha gogo nilichopewa na mchongaji, na mbele yangu viatu vimepangwa katika vumbi, vyote vinatazama mlango. Ukivitazama viatu kwa muda mrefu, huanza kufanana na wenyewe. Vingine vilikuwa vimeliwa upande mmoja. Vingine vilitiwa karatasi ngumu ndani. Vidogo vya watoto viliwekwa juu ya vikubwa vya mama zao ili visipotee. Nyimbo zilitoka ndani zikiwa zimechujwa na mabati, laini, kama zinatoka mtaa mwingine au mwaka mwingine. Ngoma sasa ilipigwa na mtu asiyejua kuiotesha moto. Ilikoroma, na bado watu walilia. Hilo nililisikia Jumapili ya kwanza, nikajifanya sikulisikia.

Mutua alikuja kunitania.

"Askari wa viatu. Umemkataa mwenye nyumba lakini unamlindia mlango."

"Viatu vitaibwa."

"Si waombe visiibwe? Ama maombi hayafanyi kazi kwa raba?"

Alinicheka hivyo kila juma, lakini kila juma alikaa. Alikuja na kipande cha mti, akachonga miguu ya twiga pale kando yangu, na wimbo fulani ukifika aliacha kuchonga. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kisu kimekuwa butu.

Mama Nekesa alikuwa akitoka anachukua sandali zake bila kunitazama. Zilikuwa za plastiki, ukanda mmoja umeshonwa kwa waya. Kisha ikaja Jumapili aliyotoka katikati ya ibada, akaketi kwenye kizingiti, miguu yake mitupu imenyooka mbele yake.

"Unajua mimi hufanya kazi nimesimama," akasema.

"Najua, Mama."

"Hujui. Sikiliza kwanza." Alisugua kifundo cha mguu. "Kiwandani nikianguka, mashine haingoji. Nyumbani nikianguka, watoto wataogopa, maana baba yao hayuko. Hapa ndipo kuna mikono. Labda ni Roho, labda ni ngoma yako, mimi sijasoma hivyo. Najua tu kwamba hapa nikianguka nashikwa. Ile Jumapili uliyopiga polepole, nilirudi nyumbani nikiwa bado nimesimama. Nikasimama wiki nzima."

Nikamwambia anisamehe. Akasema amekwisha kunisamehe, ila alitaka nijue. Aliinuka akaingia ndani, na sandali zake zikabaki mbele yangu, nami sikuweza kuzitazama.

Usidhani hapo nikaamini tena. Hadithi za namna hiyo zipo nyingi, na huwa nazitilia shaka. Nilibaki na swali langu vile vile. Lakini nilikuwa nimedhani kwamba swali langu ni kubwa kuliko watu wote waliokuwa ndani ya yale mabati, na jioni ile nikienda nyumbani niliona kwamba sivyo. Nilimkuta Senge anachambua mboga za kunde. Sijui kama Mama Nekesa alikuwa amemwambia lolote. Nilikaa, nikachukua fungu nami nikaanza kuchambua.

"Sikuimba ili kukunyamazisha, Baba," akasema, macho kwenye mboga.

"Kwa nini uliimba?"

"Niliona nyuso zao. Walikuwa wanakujia wewe. Nikatandika kitu juu yako kabla hawajafika."

Tulichambua hadi mboga zikaisha. Kumbe wimbo ule nilioubeba miezi mingi kama kofi ulikuwa blanketi. Kesho yake akawa ananisemesha kama zamani, ananigombeza kuhusu soksi, na nyumba ikawa nyumba. Katibu alinung'unika, lakini Senge hakuacha uongozi, nami sikuacha shule, na Mama Nekesa ndiye aliyewaambia wazee waniache nilinde viatu kwa amani.

Nikupe basi nilichobaki nacho baada ya miaka hii yote ya barabarani. Uliza, mwanangu. Kuuliza si ujinga, na imani inayoogopa swali la mtoto haijakomaa. Usiseme unaamini wakati huamini. Mdomo unaosali bila mwenyewe huchosha hata wanaousikia. Lakini ukisema huamini, sema lako tu. Usichukue machozi ya mama yako ukayafanya ushahidi wako, wala usimcheke mtu pale anapopumzikia, kwa kuwa hujui amesimama kwa muda gani. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Unaweza kutoka kanisani na usitoke kwa watu wako. Tafuta kazi mlangoni: osha vyombo vya wageni, shika mtoto wa mtu, peleka bibi aliyechoka hadi ibadani halafu umngoje nje. Na wakikuimbia, usikimbilie kukasirika. Ukiniuliza leo mimi mwenyewe nasimama wapi, nitakwambia ukweli: kuna asubuhi naamini, na kuna asubuhi naona anga tupu, na sijapata mtu wa kuniamulia. Na kama wewe unayesoma haya ni mzazi, mpe mtoto chakula kwanza, kisha umsikilize.

Siku niliyoondoka Baba Dogo ilikuwa asubuhi yenye manyunyu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya utandiboi, yaani utingo, katika lori la kwenda Lodwar. Sikuwa najua kwamba sitarudi kuishi pale tena, kwamba baada ya Lodwar kutakuwa na Isiolo, na Kitale, na Mombasa, na barabara nyingine nilizozifuata kwa sababu tu zilikuwa zinaenda. Lakini Senge nadhani alijua. Kwetu msafiri haondoki bila kuwekewa mikono kichwani, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuulizwa kama anataka. Alifuta mikono kwa leso, akanisogelea, akasita.

"Nikuombee," akauliza, "au nisikuombee?"

Nilikuwa nimemjua miaka mingi, lakini nadhani hajapata kunipa heshima kubwa kuliko swali lile.

"Niombee, Senge. Lakini amina sitasema."

"Amina nitasema mwenyewe. Wewe inama tu, umekuwa mrefu, mkono haufiki."

Nikainama pale mlangoni, manyunyu yanagonga mabati, lori linapiga honi barabarani. Mikono yake ilinuka kitunguu na sabuni. Aliomba kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani wa siku nyingi kupitia dirishani. Maneno yake nimeyabeba kila nilikokwenda, na leo nakupa wewe, kwa Kiswahili changu, uyapokee upendavyo:

Huyu anatoka kwangu, lakini hajatoka mkononi. Barabara impokee. Akiwa na njaa akute moshi wa jiko, akiwa na neno akute sikio. Asiaibishwe, wala asiaibishe mtu. Akipotea, apotee mahali penye watu. Na akichoka kusimama, uwepo mkono.